Na Sisi Tutezee Wapi?

Mji wa Kale mzima unamjua Bi Jawahir Awadh, na nusu yake haijapata kumsikia. Nusu hiyo ni wanaume. Wanamjua kwa vikuba vya asumini anavyovitunga barazani kwake kila alasiri, wanajua kwamba ulimi wake hauna kutu, na wameambiwa na mama zao kwamba kisiwa kizima hakina mwimbaji wa vugo kama yeye. Lakini kumsikia, la. Bi Jawahir huimbia wanawake, basi. Bibi yake aliimba hivyo, mama yake akaimba hivyo, na yeye hakuona sababu ya kubadilisha.

Hata marehemu mumewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kumwona akiimba. Alikuwa akimbebea gunia la pembe za vugo mpaka mlangoni, analitua, kisha anageuka kwenda zake kunywa kahawa. Arusi ikiisha humuuliza swali moja tu: "Mumewashinda?" Maana vugo ni mashindano, kundi hili na kundi lile, pembe zinagongwa kwa vijiti huku watu wakirushiana mafumbo ya kuchoma ini. Na Bi Jawahir humjibu, "Kwani wewe umeoa nani?" Mume anacheka, wanalala.

Kwa asiyejua, usiku wa kupamba bibi arusi ni wa wanawake peke yao. Wanaingia na mabuibui yao meusi, mlango unafungwa, na mabuibui yanavuliwa. Hapo ndipo utaona dhahabu, hariri, nywele zilizotengenezwa tangu asubuhi, na mabibi wenye magoti mabovu wakicheza chakacha kama magoti ni mapya. Haingii mwanamume, awe mpishi, dereva au mpiga picha. Raha ile ina mlango wake, na mlango huo ndio uliomweka Bi Jawahir mjini umri wake wote.

Mlango wenyewe ulikuwa Mbaraki. Palikuwa na ghala kuukuu la mbata, paa la bati, madirisha ya juu kabisa, ukuta mrefu kuzunguka ua. Kiwanja kilikuwa mali ya umma, lakini wanawake ndio waliolifagia ghala, wakalipaka chokaa, wakachanga kutengeneza choo, wakaliita ukumbi. Wasio na uwezo wa kukodi hoteli waliwapambia binti zao pale. Na Jumamosi asubuhi ilifanya mazoezi pale kwaya ya kina mama wa kanisa la Tudor, chini ya Truphosa, Mluhya aliyeletwa Mombasa na kazi ya ukarani wa reli akasahau kurudi kwao. Truphosa alikuja siku moja kudai ufunguo, akakuta pembe zinagongwa, akakaa. Tangu hapo yeye na Bi Jawahir ni mashoga, na pembe anazigonga vizuri kuliko wengi waliozaliwa nazo.

Sasa sikilizeni maudhi yalivyoanza. Alasiri moja Ghassan, mfanyabiashara aliyezaliwa mtaa ule ule, alikuja barazani na sahani ya halua. Alikuwa amefanywa mwenyekiti wa kamati ya kujenga kituo kipya cha sanaa: kumbi tatu, majukwaa, taa za kisasa, viti vya kukunja, kitu ambacho pwani nzima haijakiona. Kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa kile cha ghala.

"Masalkheri, mamangu."

"Masalkheri, mwanangu. Na sisi je? Tukishatolewa twende wapi?"

"Mamangu, nyinyi ndio wenyewe! Mna ukumbi wenu mle ndani. Mlango wenu mbali, ngazi zenu mbali. Wallahi."

Bi Jawahir alimwamini. Kwa nini asimwamini? Alimjua tangu hajaota meno. Akajifunga buibui lake akapita nyumba kwa nyumba kuwatuliza waliokuwa wakinung'unika. "Tuhame kwa uzuri," aliwaambia. "Twajengewa ukumbi wa maana."

Kisha kamati ikasema wafadhili wa ng'ambo wanataka kuona wenyeji nao wametia mkono. Nani alitia mkono? Wanawake. Waliuza sambusa, waliuza leso, kuna waliovua bangili. Kwaya ya Truphosa ilipika ugali na samaki wakawauzia madereva wa malori Shimanzi, juani, moshi wa malori ukiwaingia sufuriani. Akaja mpiga picha akawapanga na leso zao, na picha hiyo ikawekwa mbele kabisa ya ombi la kwenda kwa wafadhili. Jibu lilirudi kwamba wafadhili wamefurahishwa hasa na jambo hilo la wanawake. Pesa zikatoka. Tingatinga likaja Mbaraki, na ghala likalala chini kabla ya adhuhuri.

Siku ya kuonyeshwa jengo litakavyokuwa, Bi Jawahir na Truphosa walialikwa ofisini kwa kamati. Mezani palikuwa na kijumba cha mfano kilichokatwa kwa karatasi ngumu, kizuri mtu akitazame siku nzima. Mchora ramani, Kyalo, kijana wa Kikamba aliyekulia Tudor, aliwazungusha kwa kidole. Huu ukumbi mkubwa. Huu mdogo, wa tamthilia. Huu wa tatu ni wa mikutano na filamu, utapewa jina la kampuni iliyoulipia.

"Na wetu?" aliuliza Bi Jawahir.

Kyalo alitabasamu. Kilikuwa kitu alichokionea fahari. Akainua paa la ukumbi mkubwa, na kule juu, nyuma kabisa, palikuwa na roshani imezibwa kwa viwambaza vya mbao zilizotobolewatobolewa.

"Hapa, mama. Ngazi zenu ni hizi, za pembeni. Mtaona kila kitu jukwaani na hakuna mtu atakayewaona."

Bi Jawahir alidhani hakuonyeshwa mahali sawasawa. Akainama. Akatazama tena.

"Hapa tutaketi," alisema polepole. "Tuwatazame wenzetu. Na sisi tutezee wapi?"

Kyalo alimtazama mwenyekiti, Ghassan. Mwenyekiti alimtazama Bi Jawahir.

"Kuteza, mamangu? Ngoma si mwateza majumbani? Arusi si ni kula biriani na vigelegele kidogo?"

Hapo ndipo Bi Jawahir alipofahamu, na damu ikampanda kichwani. Watu hawa walikuwa wamekaa mwaka mzima wakipanga, wakiomba pesa kwa picha za wanawake, na hata mmoja wao hakuwa akijua wanawake hufanya nini. Hawakuwahi kuuona usiku wa kupamba, hilo ni sawa na wala hawatakiwi kuuona. Lakini kuuliza? Kila mmoja ana mama, ana mke, ana dada. Walishindwa kufungua kinywa nyumbani kwao?

"Mimi nilielezwa," alisema Kyalo, na sauti imemshuka, "kwamba akina mama wa Kiislamu hupenda kutazama bila kuonekana."

"Alokweleza ni mwanamke gani?"

Kyalo alikiinamia kijumba chake. Bi Jawahir hakumwandama, maana kijana angalau alikuwa na uso wa kuona haya. Alimgeukia Ghassan.

"Wewe ulikuwa ukilala mkekani kwangu ndani ya ukumbi ule, mamako yuwateza! Ulipoanza kukodoa mato ndipo tukamwambia asikulete tena. Leo wan'uliza kuteza ni nini?"

"Mamangu, tulia. Mnaweza kukodi huu mkubwa siku zenu."

"Huu wenye ukuta wa kioo barabarani?"

"Hicho ni cha kuvutia wapitao."

"Na taa atawasha nani?"

"Mafundi. Ni vijana wenye adabu zao."

"Na kamera hizi?"

"Za usalama tu, mamangu."

"Tupe basi huu wa tatu."

"Huo una mwenyewe tayari. Na bajeti imefungwa."

Truphosa alimshika mkono wakatoka, kwa sababu alimwona shoga yake anakitazama kile kijumba cha karatasi kwa jicho la kukikalia.

Ukweli uliuma zaidi nyumbani. Wanawake walimjia mmoja mmoja, na mmoja akamwambia usoni, "Wewe ndiwe ulotutoa." Bi Jawahir alijua ni kweli. Alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa, akapita nacho mtaani akijiona. Asumini za siku ile zilinyauka kapuni bila kutungwa. Binti wa jirani alikuwa na arusi mwezi ujao na mama yake alikuwa akihangaika kutafuta pa kumpambia. Kumbi za hoteli zina wahudumu wanaume na bei ya kukufanya ukae chini. Na wale wasio na kitu? Wampambe binti yao jikoni?

Ikaja mialiko ya siku ya kuweka jiwe la msingi. Kamati iliomba akina mama waje kwa wingi, wavae leso za aina moja, na wapige vigelegele jiwe litakapowekwa. Naam, vigelegele. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Wanataka vigelegele?" aliuliza Truphosa.

"Wavipige wao," alisema Bi Jawahir.

Na safari hii alipopita nyumba kwa nyumba hakuwa akimtuliza mtu. Nyumba moja tu hakuingia, ya Bi Fadhiya, mamake Ghassan. Wamekua pamoja na wameimba pamoja, lakini mama haombwi kumwaibisha mwanawe.

Siku ilifika. Kiwanja cha Mbaraki kilikuwa kimesawazishwa, hema jeupe limesimama pale ambapo palikuwa na ua wao. Wafadhili walikuwa wamemtuma mama mmoja wa kigeni, mpole, kofia pana kichwani, ameshika mwiko mpya wa uashi. Wanawake walijaa viti vyote, leso za rangi moja, na Bi Fadhiya mstari wa mbele kama mzazi wa mwenyekiti. Hotuba zikasomwa. Utamaduni ukasifiwa mpaka ukachoka. Mshereheshaji akainua mkono.

"Akina mama wa Mombasa, vigelegele!"

Kimya.

Mshereheshaji akacheka kidogo, akadhani kipaza sauti kimekufa. Akakigonga. "Akina mama! Hatujawasikia!"

Kimya. Lori lilipiga honi barabarani na kila mtu akalisikia vizuri. Mombasa haijui shughuli isiyo na kigelegele. Hata mtoto akitahiriwa, hata mtu akirudi Hija, lazima kitoke. Watu walianza kugeuza shingo. Macho yote yakaishia kwa Bi Fadhiya, maana mama gani humnyima mwanawe? Bi Fadhiya alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja ncha ya leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Kinywa hakukifungua.

Ghassan, jasho limemlowesha kanzu, alikichukua kipaza sauti akamwelekea mgeni. "Mtuwie radhi," alisema. "Mama zetu wana haya."

Bi Jawahir alisimama. Hakuwahi kupaza sauti mbele ya wanaume tangu azaliwe.

"Si haya, Ghassan. Ni hasira."

Truphosa akasimama karibu naye, akayageuza maneno kwa Kiingereza cha ofisi ya reli, bila kuyatia sukari. Mgeni akauliza, hasira ya nini? Bi Jawahir akamwambia: hapa ulipo palikuwa na ukumbi wetu. Tuliahidiwa mwingine. Mmetoa pesa kwa picha zetu, na ndani ya jengo hili hapana mahali hata pa kutezea mwanamke mmoja. Kama si kweli, mwenyekiti anionyeshe.

Mwenyekiti hakuonyesha. Na hapo Bi Fadhiya alijiinua kwa bakora yake, akampita mwanawe bila kumtazama, akatoka. Safu ya mbele ikamfuata, na ya pili, mpaka hema likabaki viti. Yule mgeni aliweka mwiko wake juu ya meza akawafuata langoni kuuliza zaidi, na akina mama, sasa, wakapata maneno. Jiwe halikuwekwa siku ile.

Kesho yake alasiri Ghassan alifika barazani, safari hii mikono mitupu, macho mekundu. Hakukaa.

"Wafadhili wamezuia pesa mpaka ramani ichorwe upya. Kampuni yataka kujitoa. Mamangu mzazi hasemi nami. Umefurahi, Bi Jawahir? Umekivunja kituo cha watu wote!"

Bi Jawahir alikitua kikuba alichokuwa akikitunga.

"Kituo chako hakijasimama, mwanangu, hakivunjiki. Kilichovunjwa ni ukumbi wangu, na alouvunja ni wewe. Nenda kaujenge, kisha uje unambie kufurahi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.