Uyoga ya Chini ya Kitanda ya Koko

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, koko aliniita jina langu yote mpaka ile ya ubatizo, nikajua mambo imeharibika. Usicheke eti nakuita mwanangu na ndevu zangu bado zinahesabika. Mwenye ameanguka mbele ndiye mukubwa. Mimi nilianguka mbele yako, basi kaa unisikilize.

Koko yangu, mama ya baba, alizaliwa kule Wamaza. Mu ujana alikuwa anaingia pori mvua ikikatika, anatoka na kitunga ya uyoga ku kichwa. Magoti ilipokataa, tukamuleta huku Kasongo. Akawa anakula sombe, majani ya muhogo, bila kunungunika, lakini mvua ikinyesha tu, anageuza pua ku mulango. Siku moja akasema polepole, "Mi sitaki vitu mingi. Nionje tu uyoga tena mbele ya kufuata babu yako."

Nikamwahidi. Rafiki yangu mumoja, motari wa kubeba watu ku pikipiki, akaniletea chupa ya mbegu ya uyoga toka Bukavu: ni mtama wenye umevaa pamba nyeupe, basi. Nikachemsha unga ya mbao toka kwa fundi ya vitanda, nikaacha ipoe, nikachanganya na nusu ya ile mbegu, nikafunga mu sashe za plastiki, nikasukuma chini ya kitanda ya koko, maana kule kuna giza na baridi. Motari alinionya: zikae zimefungwa mpaka sashe yote iwe nyeupe.

Sasa mimi na kinywa yangu. Nilitangaza mpaka ku soko: kujeni muone kitanda yenye inazaa. Kila rafiki akifika, naingia chini, nafungua sashe, tunachungulia, nafunga. Koko akiuliza, namujibu, "Koko, si weye ulinifunza? Mutaka cha mvunguni sharti ainame. Leo nimeinama mara sita."

Ndiyo ile asubuhi akaniita kwa majina yote. Sashe zimekuwa rangi ya majani kama chura, na harufu yake imemufukuza paka. Nikataka kutania. Koko hakucheka.

"Methali inasema uiname," akasema. "Ilikuambia ufungue?"

Nikaanza kuvuta zile sashe inje.

"Kule kwetu, ukikuta uyoga ingali kitoto, unaifunika na jani, unaenda zako bila kuambia mutu. Ukirudi, iko. Weye kinywa wazi, mulango wazi, sashe wazi. Kitakomaa nini?" Akanishika sikio, lakini taratibu, kama mutu anapima pilipili kama imeiva. "Nusu ya mbegu imebakia?"

"Imebakia, koko."

"Chemsha tena. Sasa nitailalia mimi mwenyewe."

Akailalia kweli. Rafiki zangu wakikuja, anawaambia, "Kuna mugonjwa chini ya kitanda, musimwamushe." Mimi namwaga maji ku sakafu tu, kule chini kubakie baridi, natoka, kinywa nimefunga mpaka taya inauma.

Wiki ya tatu sashe zilikuwa nyeupe kama shuka ya komunyo. Nikakata kitundu kidogo, nikanyunyiza maji, na nyuma ya siku chache masikio ya uyoga ikaanza kutoka. Koko alichuma ya kwanza yeye mwenyewe. Hakuipeleka ku chungu. Aliiweka ku shavu. "Iko baridi kama ya Wamaza," akasema.

Tukaipika na mawese na chumvi, basi. Alikula amefunga macho, na mimi nikamwongezea ku sahani.

Basi, mwanangu, shika hii. Kuinama ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kuacha kitu kifunikwe mpaka siku yake ifike. Uyoga iko vile, uchumba iko vile, hata siri yenye mutu alikuambia akilia iko vile. Usiite watu wachungulie kitu yenye bado inajitengeneza.

Mungu akupe mukono ya kufunika na kinywa ya kungoja. Na siku ya kufunua, akukutanishe na yule mwenye ulimupandia, angali na meno ya kutafuna. Koko yangu alikuwa na matatu. Yalitosha.