Goti la Mama Mdogo Lilivyosikilizwa

Mimi ni mtu wa papara, sitaki kudanganya. Siku mashine ya kusikiliza magoti ilipoletwa kwa majaribio katika hospitali ya hapa Dodoma ninapofanya kazi ya kuwapa wagonjwa mazoezi ya viungo, nilishindwa kutulia. Mashine yenyewe haikuwa na makuu: ukanda wa kufunga gotini wenye maikrofoni ndogo za kunasa sauti na mtetemo, waya na kompyuta. Mgonjwa anakaa, anasimama, anakaa tena, na kompyuta inachora kinachosikika. Goti ambalo gegedu lake limelika, yaani ule utando laini unaokinga ncha za mifupa, hukwaruza mwendo mzima. Hitilafu nyingine hulia kwa namna nyingine. Miaka yote nilikuwa nimeweka kiganja kwenye magoti ya watu nikiusaka mtetemo kwa vidole, na sasa ningeuona kwa macho! Nilimpigia simu mama mdogo, kijijini kwake Hombolo, kabla hata sijanywa chai.

Mama mdogo ndiye mpigaji mkuu katika kikundi cha ngoma cha akina mama wa kwao. Kwetu Ugogoni mwanamke huibana ngoma katikati ya mapaja, akaipiga huku anacheza, kwa hiyo goti bovu halina nafasi pale. La kwake lilikuwa likimsumbua tangu wakati wa kupalilia. Jirani akamwambia mfupa umekwisha, na yeye akaamini. Alikuwa ameshatangaza kwamba kwenye sherehe ya mavuno hatapiga, na ngoma yake anamwachia mwenzake moja kwa moja. Alinisimulia hayo huku anacheka, lakini mimi namjua. Kicheko kile hakikunifurahisha hata kidogo.

Alikuja amevaa kama anakwenda harusini. Chumbani tulikuwa wanne: mimi, yeye, daktari wa mifupa ambaye ni mama wa makamo, na mhandisi wa mashine, kijana mpole aliyemwamkia mama mdogo shikamoo kwa kuinama. Nikamfunga ukanda, tukageukia kompyuta sote watatu, nikamwambia aanze kusimama na kukaa.

Krrrr! Spika ilikwaruza kama mtu anaburuta gunia la mtama sakafuni. Mistari ikajaa kioo kizima. Daktari akakunja uso.

"Mama, kwa sauti hii, goti limechoka sana."

"Nilijua," mama mdogo alisema, na safari hii hakucheka.

Nikageuka nimtazame, na hapo ndipo nilipoona. Wakati sisi tumekodolea kompyuta, yeye alikuwa ameshusha khanga mbili juu ya goti, ukanda, maikrofoni na kila kitu, na amezishikilia kwa mkono zisipande. Kila akisimama, khanga zilisugua maikrofoni.

"Mama mdogo! Umeifunika mashine!"

"Ulitaka nikae goti wazi mbele ya mtoto wa watu?"

Jamani, nilicheka hadi nikajishika mbavu. Mtoto wa watu akaona haya, akatoka nje mwenyewe na kutufungia mlango. Tukakunja khanga, tukaanza upya.

Kimya. Goti lilipanda kimya, likashuka kimya, isipokuwa palepale alipokaribia kunyooka: tik. Akikaa na kusimama tena, tik ile ile, mahali pale pale. Nilipiga kelele mpaka daktari akaniambia nitulie, hapa ni hospitali. Lakini na yeye alikuwa anatabasamu.

Hakutaka kuiamini mashine peke yake, maana bado ilikuwa kwenye majaribio. Akampeleka mama mdogo kupiga eksirei, kisha akalibonyeza goti kwa mikono yake. Mifupa ilikuwa imeachana vizuri bila kusagana, gegedu lipo. Shida ilikuwa ule mfupa mdogo wa mbele ya goti, uitwao pia, kutopita sawasawa njiani mwake kwa sababu misuli ya paja imelegea.

"Dawa yake ni mazoezi," daktari akasema, akanipa ishara.

Nikakunja mto, nikamwomba mama mdogo aketi aubane kwa magoti, ahesabu kidogo, aachie. Akaubana. Akanitazama. Akautazama mto. Halafu akaupiga kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kucheza, na sauti yake ikapanda mpaka mhandisi akachungulia mlangoni.

"Hili ndilo zoezi?" mama mdogo akauliza. "Hili hili?"

"Ndilo, mama," daktari alijibu. "Lakini ngoma yenyewe uirudie polepole. Ukisikia maumivu, pumzika."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Alininyooshea mkono.

"Nipe simu, mwanangu. Nimwambie yule mwanamke ngoma yangu aiache hapo hapo ilipo."