Ratili Kumi za Elma Saari

Elma Saari alipika chakula cha wanafunzi kwa miaka ishirini na saba katika shule moja tu, kaskazini kabisa mwa Michigan, na watu wa huko walimjua kwa mambo mawili: hakuwahi kumpunja mtoto sahani, na hakuwahi kukosa siku ya kwanza ya msimu wa kulungu. Alianza kwenda na baba yake akiwa na miaka kumi na miwili. Alikwenda akiwa na mimba ya miezi saba. Alikwenda wiki moja baada ya kumzika mumewe, Onni. Mwaka aliotimiza sitini na minne, mwezi wa Juni, walimwekea nyonga ya chuma, na daktari akamwonya asibebe mzigo unaozidi ratili kumi. Hakumwambia asiende porini, na Elma alihakikisha hamuulizi.

Aliyemwambia asiende ni mdogo wake, Lempi.

Lempi alikuja kukaa wiki mbili baada ya kuachana na mume wa pili. Wiki mbili hizo sasa zilikuwa na umri wa miaka sita. Alishahamisha vikombe, alishatupa mapazia, na alikuwa na tabia ya kusimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani, akimtazama dada yake kama askari jela.

Jioni ya tarehe kumi na nne Novemba, mkesha wa msimu wa kulungu, alisimama hapo hapo. Elma alikuwa amemwaga vitu vyake mezani na kuweka kando yake mizani ya kupimia unga.

"Unapima nini?" Lempi akauliza.

"Mzigo."

"Anza na akili. Hiyo haitakulemea."

Elma aliendelea kupima. Bunduki hakuiingiza kwenye hesabu. Hiyo angeitundika bega la upande mzima na lolote liwe. Vingine vyote vilipita kwenye mizani. Kisu kiliingia. Msumeno mdogo wa mifupa aliushika kwa muda, akauweka chini. Anayejua viungo vya mnyama vilipo humpasua kwa kisu kitupu. Soksi nzito za kubadilisha ziliingia, maana baridi ya miguu imewarudisha wawindaji wengi nyumbani kuliko mvua. Dira, tochi, kibiriti ndani ya kichupa, mfuko wa kutilia maini. Chai nusu chupa. Kipande cha mkate wa iliki na pai moja ya nyama na viazi. Darubini ya Onni, nzito kama tofali, aliipima mara mbili akitumaini mizani imekosea, kisha akairudisha kabatini bila kumtazama mtu. Risasi kumi alizipima zikiwa ndani ya kifuko chao cha ngozi.

Halafu akachukua kamba ya kuburutia mnyama.

"Haya, hapo ndipo nilipokuwa napasubiri," Lempi alisema, akaingia. "Ukishamuua, nani atavuta?"

"Mimi."

"Wewe? Jana umeshindwa kuvuta droo!"

"Droo umeijaza takataka zako."

"Beba simu, acha kamba. Ukiua, upige nikutafutie mtu."

"Simu haishiki kule bondeni. Hata ingeshika, nikupigie wewe? Wewe kupokea simu tu unataka ubembelezwe."

Lempi aliichukua kamba kutoka mkononi mwake, akaweka simu juu ya mizani. Elma akaitoa simu, akampokonya kamba. Walikuwa wanawake wawili wazima, mmoja sitini na minne, mwenzake hamsini na tisa, wakivutana kamba jikoni huku wanahema.

"Bibi kizee mwenye paja la bati," Lempi alisema hatimaye, akaachia. "Unakwenda kumwonyesha nani? Onni amekufa. Baba amekufa. Hakuna anayekutazama."

"Wewe unanitazama. Miaka sita sasa. Nimechoka kutazamwa."

Mzigo ulitimia ratili tisa na robo. Elma alifunga begi, akachukua taulo, akaenda kwenye kibanda cha mvuke nyuma ya nyumba, kujisugua harufu ya sabuni na jikoni imtoke kabla ya kuingia msituni. Alikaa huko nusu saa nzima. Aliporudi Lempi alikuwa ameshaingia chumbani kwake na begi lilikuwa pale pale lilipokuwa.

Asubuhi aliondoka kabla hakujapambazuka. Alilinyanyua begi, akakipapasa kifuko cha risasi kwa nje, akakiona kina uzito wake. Safari aliyozoea kuitembea kwa dakika ishirini ilimchukua saa nzima. Theluji ilikuwa imeganda juu na chini ni laini, ikipasuka kila hatua na kumvuta mguu. Nyonga ilimchoma. Ngazi ya ulingo wake wa kuvizia, uliojengwa juu mtini, aliipanda kama mtoto, mguu mmoja ukiusubiri mwenzake kila kidato. Alipokaa, jasho likaanza kumgandia mgongoni, na upepo ukapata njia ya kumwingia kolani.

Kulipopambazuka vya kutosha kuliona shina la mti, alifungua kifuko apakie bunduki. Kikamwagikia kiganjani nati za chuma. Nati kumi na kitu, zenye kutu, kutoka kwenye kopo la Onni la gereji.

Alizitazama. Akapekua kifuko, akapekua begi lote, akijua hatapata kitu. Baba yake alimfundisha kuzihesabu risasi kwa vidole, moja moja, kila asubuhi, hata kama umelala nazo chini ya mto. Yeye alipapasa ngozi tu akaridhika, kwa sababu alikuwa na haraka ya kutoka kabla Lempi hajaamka kumsema. Kosa hilo lilimuuma kuliko nyonga.

Dume alikuja mnamo saa mbili, pembe zake matawi manane, akitembea bila wasiwasi kwenye ukingo wa kinamasi. Alisimama hatua hamsini kutoka kwenye ulingo, ubavu mzima wazi. Akala majani ya mwerezi, akajikuna, akaenda zake. Elma alikuwa amekaa na bunduki tupu mapajani, na machozi ya hasira yakamgandia kwenye kope.

Lempi alikuwa mezani anakunywa kahawa mlango ulipofunguliwa.

"Ziko wapi?"

Lempi hakujifanya haelewi. "Kwenye pipa la unga. Bila risasi huui, usipoua huvuti, usipovuta hulali tena hospitali. Nani alikuogesha Juni na Julai? Nani alikuvalisha soksi? Mimi! Sirudii kazi ile."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia jana mpaka nikakauka mate!"

"Baba angekuua, Lempi. Haki ya Mungu angekutoa nje kwa viatu."

"Baba hakuwahi kunichukua hata siku moja ajue nitafanya nini. Alikuchukua wewe."

Elma alitumbukiza mkono kwenye unga hadi kwenye kiwiko, akazitoa, akazifuta moja moja. Zilikuwa kumi. Kisha akavua begi, akalitupa miguuni mwa mdogo wake, na juu yake fulana ya wawindaji ya rangi ya machungwa iliyokuwa ya Onni.

"Vaa."

"Sivai."

"Kama kazi yako ni kuamua nibebe nini, basi kabebe mwenyewe. Usipotaka, nikirudi jioni nikukute umefunga masanduku yako."

Lempi alivaa. Walitoka, mmoja mbele na bunduki, mwingine nyuma na mzigo, na walikaa chini ya ulingo wameegemea pande mbili za shina moja ili wasionane. Lempi alilalamika baridi. Elma alimwambia soksi ziko kwenye mfuko wa kushoto, na kama hazimtoshi afunge mdomo, joto linapotelea huko.

Jioni ikikaribia alitokea dume mdogo wa pembe mbili. Elma alifyatua mara moja. Alipasua, akatoa maini, akafunga lebo ya kibali chake kwenye pembe, kisha akamkabidhi Lempi kamba.

Lempi alivuta. Alivuta akitukana kwa lugha ya mama yao, ambayo hakuwa ameizungumza tangu walipomzika. Alianguka, akainuka, akavuta tena. Mara mbili Elma aliona aibu na kunyoosha mkono amsaidie.

"Usiguse!" Lempi alifoka. "Uguse uvunjike, halafu nani akuogeshe?"

Usiku ule walikaanga maini na vitunguu, wakala meza moja.

"Sijakusamehe kunifanya punda," Lempi alisema.

"Nami ya risasi sijasamehe. Wala usitegemee."

Walikaa hivyo majira yote ya baridi, wakila nyama ile bila kuzungumza zaidi ya lazima. Mwezi wa Aprili Lempi alipata chumba mjini, juu ya duka la rangi. Elma alimpeleka kwa gari na hakuteremka. Novemba iliyofuata Lempi alikuja kugonga mlango tarehe kumi na nne, mikono mitupu, akauliza kama kuna kitu cha kubeba. Elma alimwacha kizingitini dakika nzima, baridi inaingia ndani, kabla ya kusogea kando.