Chumba Kipya cha Mazoezi ya Viungo

Nilikasirika kweli, na leo naona aibu kusema niliwakasirikia akina nani. Zahanati binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, moja ikafunguliwa Majengo, nami, mkuu wa mazoezi ya viungo katika hospitali yetu hapa Songea, nikaapa haitatushinda. Nikakihamishia chumba chetu ghorofani, kwenye nafasi pana yenye madirisha makubwa na ofisi yangu pembeni.

Wiki tatu wagonjwa hawakuja. Nikamwandikia mganga mkuu kwamba watu hawa hawana shukrani, unawaboreshea huduma wao wanakaa nyumbani.

Akaja mwenyewe kuona. Tulipokuwa tunashuka, mimi bado nalalamika, tukamkuta Mzee Komba wa Lizaboni, aliyepooza upande mmoja, ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa.

“Shikamoo, mzee. Mbona hupandi?” nikamwuliza kwa ukali.

“Marahaba. Kila Jumatatu nakuja, nakaa hapa, narudi. Ningeweza kupanda ngazi hizi, mwanangu, ningekuja kwako kutafuta nini?”

Mganga mkuu akanigeukia. “Nani aliyechagua chumba kiwe huko juu?”

Nikamjibu kwamba ni mimi.