Tai Aliyoivaa Mama Ngomani

Tai ya hariri ina mlio wake mdogo inapokazwa shingoni. Juzi niliusikia chumbani kwa binti yangu anayesoma chuo kikuu kule Tunguu. Alikuwa mbele ya kioo, shati jeupe, sketi ndefu, mtandio kichwani, anajifunga tai. Siku hizi wasichana wanazivaa, na wanapendeza. "Mama, hii au ile ya mistari?" akaniuliza. Mimi nilikuwa nshakaa kitandani.

Maana jamani, ni tai iliyomwambia mama yangu kwamba ana mke mwenziwe. Na mimi nilikuwepo, mtoto wa miaka saba, nakula visheti.

Lilikuwa bomu la harusi ya jirani yetu, mtaani kwetu Malindi. Kwa asiyelijua, hiyo ni ngoma ya wanawake peke yao, na kina mama wengine huvalia kiume: suruali, koti, hata masharubu ya wanja. Mama alizitandaza tai za baba kitandani, akazijaribu moja moja juu ya shati, akachagua ya zambarau, iliyokuwa mpya. Kuifunga ikawa kazi. Amezoea kumfunga baba asubuhi anapokwenda kazini hotelini, Bwejuu, ambako siku nyingine hulala huko huko. Shingoni mwake mwenyewe mikono ilimpotea, fundo likakaa upande. Akacheka, akasema ndio mtindo.

Ngomani alitia fora. Akaja mwanamke mmoja mgeni, mjamzito, mcheshi, akaanza kumnyoosha lile fundo.

"Dada, tai hii umeipata wapi? Mume wangu anayo kama hii, nilimnunulia mimi." Akaigeuza nyuma, akashangaa. "Ee, na uzi huu wa kijani nimeushona mimi. Ilifumuka kule kwetu Bwejuu."

Hakuwa na ubaya wowote. Mama akautazama ule uzi, kisha akalitazama tumbo la yule mwanamke.

"Nimeazima, mdogo wangu," akasema. "Wala sijui ya nani."

Nilipigwa na butwaa. Mama yangu, aliyenifinya mpaka nikalia kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari! Nikafungua mdomo niseme ni ya baba, akanibana mkono. Yule mwanamke akacheka, akasema atamuuliza mumewe. Mama akarudi uwanjani, akacheza mpaka ngoma ikavunjika.

Nyumbani tulimkuta baba anakunywa chai. Nikamshtakia pale pale, maana roho iliniuma.

"Baba, mama kasema uongo. Mwanamke mmoja ana mimba kasema tai ni ya mumewe, kaishona yeye. Mama akasema kaazima."

Nilingoja mama agombezwe. Baba akakitua kikombe, akaitazama ile tai.

Ukubwani niliambiwa kwamba yule mwanamke naye alidanganywa. Baba alimwambia hana mke. Mama hakutaka kumwaibisha mbele ya watu, na mimba ile. Hilo halikunipa tabu kulielewa. Lililonichukua miaka ni jingine. Ngomani mama alinibana mkono ninyamaze. Nyumbani alikuwa amesimama nyuma yangu, ananisikia neno kwa neno, na hakunigusa. Maneno yale hayakuweza kumtoka yeye kinywani. Aliniachia mimi niyaseme.