Siku MmaPono aliposema hajui

Punda wamelala katikati ya kiwanja cha ndege cha Xaodumo, na hawana haraka ya kwenda popote. Changarawe bado ina ubaridi wa alfajiri. MmaPono amesimama pembeni, filimbi shingoni, simu mkononi, akiwatazama kama mama anayetazama watoto wasiotaka kwenda shule.

"Waache kidogo," anasema, akiinua uso. Juu kabisa, mstari mweupe unakata anga. Anaitupia simu jicho. "Huyo hatushukii. Katoka Frankfurt, anakwenda Johannesburg. Saa hizi wanaamshwa wapewe chai."

Mara mngurumo mwingine unasikika, mdogo, wa karibu. Anaangalia tena simu, na safari hii anaipeleka filimbi mdomoni.

"Huyu sasa ni wetu. Haya, wakubwa, inukeni! Wageni hao!"

Punda wanainuka mmoja mmoja, wakinung'unika. Ndege ya watalii kutoka mji wa Maun inapogusa changarawe, kiwanja kiko wazi.

Jina lake ni Oganne Diyeve, ana miaka hamsini na miwili, lakini tangu alipomzaa binti yake Pono, kijiji hakimwiti vingine ila MmaPono, yaani Mama Pono. Kazi yake ni kuwaondoa punda, ng'ombe na mara nyingine ngiri kiwanjani kabla ndege haijatua. Wenye ndege humchangia pula elfu moja na mia tano kwa mwezi. Zinazopungua anazitafuta kwa kukaanga magwinya, maandazi ya kwao, karibu na lango la kiwanja.

"Zamani nilifanya kazi kwa masikio," anasimulia, akigeuza magwinya kwenye mafuta. "Kila mngurumo nakimbia. Nafika nahema, kumbe ndege inapita zake. Siku inayotua kweli, mimi nimechoka."

Siku moja ndege ya wagonjwa ililazimika kuzunguka angani huku yeye akibishana na fahali, na mama mwenye uchungu wa uzazi akisubiri kwenye machela. Mama na mtoto walipona. Rubani kijana aliyeshuhudia hayo akamwekea kwenye simu programu inayoonyesha ndege zilizo angani: jina, zilikotoka, zinakokwenda. Na kwa kuwa ndege ndogo za chini chini hazikuwa zikionekana, alirudi na antena nyembamba akaifunga juu ya paa la nyumba ya MmaPono.

"Walinicheka," anasema. "Shemeji yangu Dikuwa ndiye alianza. Eti nimejisimikia mti wa kuitia radi."

Lakini kicheko hakikudumu. Muda si mrefu kijiji kizima kikawa kinauliza. Watoto wakipita: "MmaPono, yule nani?" Wake wa vibarua walioko mbali: "MmaPono, hiyo inapita mjini kwa mume wangu?" Bibi mmoja jirani hulitaka jina la ndege ili apunge mkono akijua anamsalimu nani. MmaPono huwajibu wote.

Ndiyo maana neno moja tu lilitosha kukitikisa kijiji.

Ilikuwa Agosti, majani yamekauka. Ilikuja ndege nyeupe yenye mabawa juu, ikaruka chini mpaka kuku wakaingia uvunguni. Kesho yake ikarudi. Keshokutwa tena. Kwenye simu kilionekana kidoti cha njano kisicho na jina, kisichosema kinatoka wapi wala kinakwenda wapi.

"MmaPono, hii nayo ya nani?" aliuliza Dikuwa, kaka wa mumewe, akiegemea fimbo.

"Sijui, shemeji."

"Hujui?"

"Sijui."

Kufikia jioni neno hilo lilikuwa limeingia kila ua. Kama MmaPono hajui, basi ni ndege isiyotaka kujulikana. Na ndege isiyotaka kujulikana, inayopita juu ya mazizi kila asubuhi, inatafuta nini kama si ng'ombe? Wazee wa Xaodumo wanaukumbuka mwaka wa ugonjwa wa mapafu, ng'ombe wa wilaya nzima walipouawa na serikali ili ugonjwa usisambae, na mazizi yakabaki na samadi tu. Aliyeona hayo hahitaji kuambiwa mara mbili.

Haukupita muda akatokea mchuuzi wa ng'ombe na lori, akitoa nusu ya bei. Nyumba tatu zikauza. Dikuwa akakubali naye auze maksai wake wote, hata Setimela, anayeongoza jembe. Mchuuzi akaahidi kurudi Ijumaa.

"Maksai wale ndio wanaolima shamba lake na langu," anasema MmaPono. "Wakienda, sote tunarudi kwenye jembe la mkono. Na walikuwa wanaondoka kwa sababu ya mdomo wangu."

Alhamisi, akisubiri mafuta yapate moto, alikigusa kile kidoti. Njia yote iliyopitwa na ndege tangu asubuhi ikajichora kwenye kioo. Mstari uliokwenda, ukageuka, ukarudi kando ya mwenzake, ukageuka tena. Akaiepua sufuria, akaenda zizini kwa Dikuwa.

"Shemeji, tazama. Huyu hatafuti kitu. Huyu analima."

Dikuwa aliisogeza simu, akaisogeza tena. "Hapa ndipo anapogeuzia?"

"Hapo. Halafu anarudi, mpaka anavuka uzio."

"Uzio upi?"

"Kwani tuna ngapi? Uzio wa mifugo. Anauvuka, na kule ng'ambo anaendelea vilevile, mistari ileile."

Ng'ambo ya uzio ule ni nchi ya nyati na tembo. Ng'ombe haruhusiwi kukanyaga, na hakuna mchungaji asiyelijua hilo.

"Kule kuna ng'ombe wa nani?" mzee akauliza taratibu.

"Ndilo ninalokuuliza wewe."

"Na ukiwa umekosea?"

"Nikikosea, utakula magwinya yangu bure mpaka ufe."

"Hiyo si fidia, MmaPono. Hiyo ni adhabu ya pili."

Walicheka, lakini usiku ule usingizi haukumjia MmaPono. Anakiri kwamba alitamani kurudi kusema hajui. "Halafu nikakumbuka, 'sijui' yangu ilishauza ng'ombe wa nyumba tatu. Bora niseme ninachokiona."

Ijumaa lori likaja. Dikuwa alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, mikono nyuma.

"Vipi, mzee? Tupakie?"

"Wamegoma," akajibu Dikuwa.

"Nani kagoma?"

"Maksai. Zungumza nao wewe."

Lori likaondoka tupu. Kwa siku kadhaa baada ya hapo Dikuwa hakuja kunywa chai. Kila ndege ile ilipopita alitoka, akaisindikiza kwa macho, akarudi ndani.

Kisha ikaja asubuhi ya upepo na vumbi, na kwenye simu mstari ukapinda katikati. "Mkulima haachi mstari wa jembe nusu," anasema MmaPono. "Nikajua ana shida, anashuka." Akapuliza filimbi, akarusha kanga yake, punda wakatawanyika. Ndege nyeupe ikatua ikiyumba. Wakashuka watu wanne, na msichana mmoja akakimbilia kichakani kutapika.

MmaPono alikuwa bado anamnywesha maji msichana yule, Dikuwa alipofika akihema juu ya fimbo yake. Hakusalimia.

"Mnatafuta nini huko juu?"

"Tunahesabu tembo, mzee," akajibu msichana, akijifuta mdomo. "Tangazo lilisomwa redioni."

Xaodumo redio husikika upepo ukipenda.

"Tembo," akarudia Dikuwa. Alikaa chini palepale, juu ya changarawe. Kisha akainua kidole. "Basi waandikeni na wale watano walionilia mtama. Mmoja ana sikio lililopasuka."

Msichana akacheka, rangi ikamrudia usoni.

Nyumba tatu zilizouza hazikuwapata tena ng'ombe wao, na hilo bado linamuuma MmaPono. Dikuwa ameahidi kuwalimia wenye nyumba hizo kwa maksai wake mvua zikianza, bila malipo. Naye MmaPono amejifunza neno jingine. Siku hizi ndege isipojitaja, hujibu: "Sijui bado. Ngoja nimfuate."

Ana ombi moja tu sasa. Miaka yote hii kiwanjani, hajawahi kupanda ndege. Rubani aliyemfungia antena amemwahidi kiti kitakapobaki wazi kwenda Maun.

"Nataka kuliona shamba letu kutoka juu, likishalimwa," anasema. "Nione kama mistari ya Setimela imenyooka."

Na punda atawaondoa nani?

"Dikuwa. Ana deni langu la maksai."

"Mimi mguu wangu mbovu," anadakia Dikuwa, ambaye amekuja kunywa chai.

"Filimbi haipulizwi kwa mguu, shemeji."

Mzee ananyoosha mkono, anaipokea filimbi, anajaza mashavu na kupuliza kwa nguvu zake zote. Kiwanjani, punda mmoja anafumbua jicho, anamtazama, kisha analifumba tena.

"Tuna muda mpaka mvua zianze," anasema MmaPono, akimmiminia chai. "Puliza tena."