Panya wa Dokta Abel

Raya binti Mwinjuma alikuwa mtu wa Kinole, kule juu ambako ukungu hauondoki mashambani mpaka jua likolee. Wazazi wake walilima mdalasini, pilipili manga na ndizi, na kati ya watoto wao wote yeye ndiye aliyejaliwa kichwa cha hesabu. Alisoma mpaka akapata shahada ya pili Dar es Salaam, kisha akarudi Morogoro kuwa mhadhiri msaidizi wa hisabati katika chuo kimoja kidogo, madirisha yake yakitazamana na milima ileile aliyokulia.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Madukani vitu vilijaa, viwanda vilivyokuwa vikiamsha mji kwa ving'ora vilikuwa vimebinafsishwa au vimefungwa, na chuoni nako serikali ilikuwa imelegeza mkono. Mhadhiri asiye na mradi wa wafadhili alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Mwenye mradi alikuwa na gari, kompyuta na safari za Ulaya. Na hapo chuoni hakuna aliyekuwa na mradi mkubwa kumshinda Dokta Abel.

Dokta Abel alikuwa mtaalamu wa panya. Asiyelima anaweza kucheka, lakini mkulima wa Morogoro hacheki. Mwaka huu panya huwaoni. Mwaka unaofuata wanazuka kama waliomwagwa kwa magunia, wanafukua mbegu ya mahindi mara tu ukishaifukia, unapanda tena na wao wanafukua tena. Abel alikuwa amewatega miaka mingi katika mashamba ya Dumila, akiwatia alama na kuwaachia, ili ajue wanazaa lini na wanakufa lini. Takwimu alikuwa nazo tele. Alichokosa ni mtu wa kuzifanya ziseme.

"Bi Raya," alimwambia siku moja kwenye ukumbi wa chai, akimvutia kiti kwa heshima, "mimi nina panya, wewe una hesabu. Tukiunganisha nguvu tutamwambia mkulima mapema, mwakani panya watazuka au hawazuki. Kazi itatoka kwa majina yetu mawili."

Raya aliamini. Tena alifurahi, maana miaka yote ile alikuwa akifundisha hesabu zisizogusa chochote, na sasa alipewa hesabu yenye meno na mkia.

Alihamia Dumila kila likizo, akafikia kwa mjane mmoja aitwaye Ester, mkulima mwenye sauti nzito na kicheko kisichokawia. Ester alimpa chumba na kumruhusu atege panya katika shamba lake. Walikula pamoja, na asubuhi walikagua mitego pamoja, Ester akimshika panya shingoni bila kusita wakati Raya bado anafunga macho. Raya alimwita mama, naye akamwita mwanangu, na hakuna kati yao aliyeona kwamba anaigiza.

Misimu ilipita, na Raya akapata mlinganyo wake. Uliingiza mvua za vuli upande mmoja, ukatoa idadi ya panya upande wa pili. Ndani yake palikuwa na mahali pa kutoa: mvua ikizidi kiasi fulani, mashimo yanafurika na vitoto vinakufa, kwa hiyo panya wanapungua. Ndivyo alivyoona kwenye mashamba ya bondeni alikoanzia. Alimpa Abel nakala aipitie, naye akamsifu kwa maneno mengi.

Baadaye Raya akahamisha mitego kwenye shamba la juu la Ester, penye mteremko, na huko akaona jambo lililomshtua. Maji hayatuami mteremkoni. Mvua kubwa ilikuwa ikistawisha majani, majani yanatoa mbegu, panya wananenepa na kuzaa kabla ya wakati wao. Pale alipoweka kutoa, kwa sehemu kubwa ya mashamba ya Dumila palitakiwa kujumlisha. Akaanza kuusuka upya mlinganyo, akijiambia kwamba ukiwa tayari ndipo atamweleza Abel.

Wakati huohuo chuo kilikuwa kinaingizwa kwenye mtandao. Kijana wa mjini aitwaye Hafidhi, fundi wa kompyuta mwenye mikono iliyojaa michubuko ya kupenya darini, alikuwa amevuta nyaya kutoka ofisi hadi ofisi, na siku ya kuufungua wahadhiri walijazana katika chumba cha kompyuta kama watu waliokuja harusini. Simu iliyounganishwa na kompyuta ikakoroma, ikapiga miluzi, ikanyamaza. Hafidhi akainua kichwa.

"Haya wakubwa, tutafute nini?"

"Tafuta panya wa Morogoro!" akasema mmoja, na chumba kizima kikacheka.

Ukurasa ulishuka kwenye kioo pole pole, mstari baada ya mstari, kama mtu anayevua nguo kwa aibu. Lilikuwa jarida la Ulaya. Kikaja kichwa cha makala: kutabiri milipuko ya panya kwa kutumia mvua za vuli. Likaja jina la mwandishi: Abel, peke yake. Ukaja mlinganyo, na Raya akautambua kama mama anavyomtambua mtoto wake katikati ya watoto wa shule. Ulikuwa ule wa kwanza, pamoja na kutoa kwake. Mwishoni kabisa zikaja shukrani: kwa wafadhili, kwa dereva wa mradi, na kwa "wasaidizi wa shambani".

Watu wakampigia Abel makofi. Raya naye akapiga. Alijisikia akipiga, na mikono ikawa kama si yake.

Alimfuata ofisini siku hiyohiyo.

"Dokta, jina langu liko wapi?"

Abel hakushtuka. Aliendelea kupanga karatasi zake. "Raya, usiyafanye makubwa. Hesabu ni chombo. Mtu akivuna mahindi, anaandika jina la jembe kwenye gunia?"

"Mimi ni jembe?"

"Wewe bado kijana. Zamu yako itakuja."

Akaenda kwa mkuu wa idara. Mkuu alimsikiliza, akakuna kidevu, akamwambia avumilie, maana mradi wa Abel ndio uliokuwa ukiweka mafuta kwenye magari ya idara nzima. Raya akatoka nje akasimama kwenye kibaraza, akaitazama milima, na hakulia. Kilio kilikuwa kimekauka na badala yake kilikaa kitu kigumu, chenye joto, kama jiwe lililotolewa motoni. Akaapa kwamba atamwaibisha Abel mbele ya macho ya watu, na atamwaibisha kwa kitu kilekile alichomwibia.

Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kunyamaza tu. Mlinganyo uliosahihishwa akaufungia kabatini kwake, akamwacha Abel na ule wenye kasoro. Alipokutana naye kwenye korido alimwamkia vizuri, akamuulizia watoto. Abel akadhani binti amekubali yaishe.

Kisha ikaja vuli ya mwaka wa El Niño. Mvua ilinyesha kana kwamba mbingu imetoboka. Mito ilishuka kutoka Uluguru ikiwa myekundu, madaraja yakakatika, barabara ya Matombo ikawa tope mpaka magari yakaishia Mkuyuni. Raya alikaa dirishani akiitazama mvua ile kwa furaha asiyoweza kumweleza mtu. Kila tone alilihesabu kuwa la kwake.

Kabla ya watu kupanda, Abel aliitisha mkutano mjini. Walikuja wafadhili wawili, mabwana shamba, na wawakilishi wa wakulima, na kati ya hao alikuwemo Ester, amevaa kitenge chake cha kanisani. Abel aliuchora mlinganyo ubaoni kwa mbwembwe, akaingiza mvua za mwaka ule, na jibu likatoka dogo.

"Mvua imewazamisha," akasema akitabasamu. "Mwaka huu panya hawazuki. Fedha za dawa ziwekeni kwenye mbolea."

Ester akasimama. "Dokta, kwa hiyo dawa tusinunue kabisa?"

"Kabisa, mama."

Ester hakukaa. Alizungusha shingo akamtafuta Raya, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma. "Na wewe mwanangu, mwenye hesabu? Unasemaje?"

Ukumbi mzima ukageuka. Abel naye akageuka, chaki mkononi. Ulimi wa Raya ulikuwa na maneno yote tayari. Aliutazama uso wa Ester, kisha akautazama ule wa Abel, na jiwe lile likajigeuza kifuani.

"Hesabu ni ya Dokta," akasema. "Mimi sina la kuongeza."

Ester akaitikia kwa kichwa, akakaa. Njiani kurudi nyumbani Raya alijiambia kwamba panya wanakula mbegu tu, mtu anaweza kupanda tena. Akajiambia vilevile kwamba Ester ni mtu mwenye akili, atakuwa na dawa yake ya akiba. Alijiambia mengi, na hakugeuka kurudi ukumbini.

Panya walizuka. Walitoka kwenye majani ya mteremkoni wakashuka mashambani, na watu wa Dumila waliopanda wakakuta vishimo mstari mzima, kila palipofukiwa mbegu pamefukuliwa. Wakapanda tena. Wakapanda kwa mara ya tatu wale waliokuwa na mbegu. Dawa ilipotafutwa madukani ilikuwa imekwisha au imepanda bei, maana kila mtu aliihitaji kwa pamoja.

Mkutano wa pili haukuwa na mbwembwe. Ulifanyika Dumila penyewe, katika darasa la shule, na wakulima walisimama mpaka madirishani. Abel aliuandika tena mlinganyo ubaoni, akajieleza: mvua haikuwa ya kawaida, sayansi ina mipaka yake. Wafadhili waliandika bila kumtazama. Ndipo Raya akanyoosha mkono.

"Dokta, naomba nielimishwe. Hapa kwenye mlinganyo wako," alikwenda mpaka ubaoni akaweka kidole, "mvua ikizidi, umetoa. Kwa nini umetoa badala ya kujumlisha?"

Abel aliutazama ubao. Chaki ilikuwa mkononi mwake na hakuitumia.

"Ni... ni jambo la kitaalamu."

"Tueleze kitaalamu, Dokta. Umeuandika mwenyewe. Jina ni lako peke yako."

Mfadhili mmoja akaweka kalamu chini. Nje walisikika kuku wakiparua. Jasho lilimtoka Abel kwenye paji la uso likashuka mpaka kwenye miwani. Raya hakumsaidia na hakuondoka pale ubaoni. Alisimama kando yake, amekunja mikono, akamwacha asimame, na kila alipofungua kinywa akakifunga, Raya alisikia utamu ambao hakuwahi kuusikia maishani mwake, si siku ya mahafali wala siku nyingine yoyote. Mwishowe Abel akaketi bila kujibu. Mtu mmoja dirishani akazomea, na wengine wakafuata.

Mradi ulisitishwa kabla ya masika kwisha. Abel aliondoka chuoni bila kuagwa, akaenda Dar es Salaam kuuza dawa za mifugo katika kampuni ya mtu binafsi. Raya alimwona akipakia vitabu vyake kwenye gari la kukodi. Hakujificha. Alisimama kwenye kibaraza mpaka gari lilipopita geti.

"Umefurahi, mwalimu?" Hafidhi alimuuliza, maana yeye alikuwa ameuona uso wake siku ile ya mtandao, na mengine alikuwa ameyaunganisha mwenyewe.

"Bado hainitoshi," Raya akasema.

Lakini Ester alikuwa bado moyoni mwake. Raya alikwenda Dumila na debe la mbegu, akamkuta uani akipepeta mtama wa kuomba kwa ndugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Alikaa. Akapewa maji. Ester aliendelea kupepeta, kisha akaweka ungo chini.

"Siku ile darasani uliuliza swali kama mtu anayelijua jibu," akasema. "Jibu ulilijua tangu lini?"

Raya angeweza kudanganya. "Tangu nilipotega kwenye shamba lako la juu."

"Kabla ya mkutano wa mjini."

"Kabla, mama. Yule mtu aliniibia kazi yangu. Alinifanya jembe. Nisingeweza kumwokoa."

"Sikukwambia umwokoe yeye. Niliuliza mimi." Sauti ya Ester haikupanda. "Mimi nilikuibia nini, Raya?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Raya akalisogeza debe mbele yake. Ester alilipokea debe la mbegu, maana alikuwa na shamba tupu na hakuwa na anasa ya kukataa, akamshukuru kama anavyomshukuru mgeni yeyote, akamsindikiza mpaka barabarani.

Msimu uliofuata Raya alirudi na mitego, sasa akiwa na ruhusa ya chuo kufanya utafiti kwa jina lake. Ester alimkaribisha, akampikia ugali na mlenda, akamuulizia wazazi wa Kinole. Ila kuhusu shamba alisema, "Kwangu hapana." Raya akaenda kwa jirani: hapana. Akaenda kwa wa tatu, ambaye zamani alikuwa akimbebea mitego bila kuombwa. Huyo hata kiti hakumpa. Maneno yalikuwa yamekwisha kutangulia, na Dumila yote ilikuwa imemfunga mlango kwa adabu.

Ikabidi aanze upya upande wa Mkuyuni, kwenye udongo mwingine na mvua nyingine, na watu wasiomjua. Kazi ambayo ingekwisha mapema ilimla miaka. Ilipotoka, ilitoka kwa jina lake, na ilikuwa sahihi, na kila vuli alikwenda mwenyewe kuwaambia wakulima wa huko kama wanunue dawa au wasinunue.

Kuhusu Abel hakujuta kamwe. Akisikia ametajwa alitabasamu upande mmoja wa mdomo, na aliyekuwa akimjua aliacha mada hiyo. Lakini akisafiri kwenda Dodoma, basi likisimama Dumila na abiria wakateremka kununua nyanya na vitunguu, yeye hubaki ndani, pazia la dirisha ameliteremsha, mpaka dereva awashe gari.